Kanuni zimesainiwa, nondo zimepungua

Kwako Mshauri,

Mimi ni mkuu wa utumishi katika kampuni ya ujenzi yenye wafanyakazi wa kudumu wapatao 140 na saiti sita, bila kuhesabu vibarua na wakandarasi wadogo. Mwaka mmoja na nusu uliopita tulizindua kanuni za maadili: kijitabu cha kurasa 41, semina ya nusu siku, sahihi ya kila mfanyakazi na namba ya simu ya kutoa taarifa. Kijitabu tunakiambatisha kwenye kila zabuni.

Tangu hapo simu ile imepokea taarifa mbili, moja ikiwa malalamiko ya vyoo vya saiti. Wakati huohuo haya yametokea. Slabu ya ghorofa ya pili, meta za mraba 400 hivi, ilimwagwa zege ikiwa na nondo za milimita 10 badala ya 12 zilizo kwenye mchoro. Tuligundua wiki tatu baadaye, mkaguzi wa stoo alipokuta kwamba hati za kupokelea mzigo hazina nondo za 12 kabisa. Mkandarasi mdogo wa plasta ni shemeji wa meneja wa saiti, na bei tatu zilizoshindanishwa zina kosa lilelile la tahajia. Msimamizi wa upande wa mteja husaini hati ya malipo upesi akipewa "nauli", la sivyo hati hulala mezani kwake.

Mkurugenzi anaona dawa ni kuongeza kurasa, kufanya semina mbili kwa mwaka na kutafuta cheti cha ISO 37001, kiwango cha kimataifa cha kuzuia rushwa, kwa sababu baadhi ya wateja wanakipa alama kwenye zabuni. Kuhusu slabu anasema zege limeshashika, tusifufue mambo.

Je, kanuni za maadili zinafanya kazi kweli kwenye ujenzi au ni mapambo? Kama zinaweza kufanya kazi, tubadili nini? Na nitajuaje kwamba zinafanya kazi, zaidi ya kuhesabu sahihi?

Mtunza Kanuni

*

Ndugu Mtunza Kanuni,

Kanuni zinaweza kusubiri kidogo. Slabu haisubiri.

Nondo ya milimita 12 ukiikata ina eneo la milimita za mraba 113. Ya 10 ina 78.5. Kama nafasi kati ya nondo imebaki ileile, chuma kimepungua kwa karibu asilimia 30, na uwezo wa slabu kubeba mzigo bila kupinda umeshuka kwa kiasi kinachokaribia hicho. Ziada ya usalama iliyomo kwenye hesabu za mhandisi haikuwekwa ili mnunuzi wa vifaa aitumie. Kwa hiyo leo hii: miimo inayoshikilia slabu isiondolewe, na kama imeshaondolewa irudishwe, pamoja na ya ghorofa ya chini yake. Matofali, saruji na matangi yasipangwe juu. Kazi za ghorofa zinazofuata zisimame. Kisha mhandisi aliyesanifu apewe kwa maandishi kile kilichowekwa kweli, apige hesabu upya. Kifaa cha kutambaza nondo kitawaonyesha nafasi na kina chake, lakini kwa kipenyo hakiaminiki sana, hivyo chokoeni zege linalofunika nondo katika sehemu chache atakazochagua mhandisi mwenyewe, mpime kwa kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo. Majibu ndiyo yataamua kama slabu inapunguziwa mzigo, inaongezewa boriti au inavunjwa. Mteja ajulishwe kwa barua, na asaini mkurugenzi, si wewe. Wafanyakazi wenu wote wanajua kilichomo ndani ya slabu ile. Wanasubiri kuona kama barua itaandikwa.

Sasa swali lako. Mwaka 2008 watafiti Muel Kaptein na Mark Schwartz walikusanya tafiti 79 zilizopima kama kanuni za kampuni hubadili mwenendo wa watu. Asilimia 35 ya tafiti hizo ziliona kanuni zinafaa, asilimia 16 ziliona uhusiano hafifu, asilimia 33 hazikuona uhusiano wa maana, na nyingi ya zilizobaki zilitoa majibu ya mchanganyiko. Miaka miwili baadaye uchambuzi wa Jennifer Kish-Gephart na wenzake ulitenganisha mambo mawili yaliyokuwa yakichanganywa: kuwapo kwa kanuni peke yake hakukuonyesha athari, ila kanuni inayosimamiwa kweli ilionyesha. Tafiti hizo ni za biashara kwa ujumla. Kwenye ujenzi pengo hilo ni pana zaidi, na sababu zake zinajulikana kwa yeyote aliyewahi kushika daftari la saiti.

Timu ya mradi huundwa, hukaa mwaka mmoja au miwili, kisha husambaa. Anayesaini leo hatakuwepo nyufa zikianza. Kazi ya leo hufunikwa na ya kesho: udongo hufunika msingi, zege hufunika nondo, plasta hufunika mabomba. Kila mradi ni wa kipekee, kwa hiyo bei yake ni ngumu kulinganisha na nyingine. Faida ni nyembamba na malipo huchelewa, hivyo pengo la fedha huzibwa pale ambapo jicho halifiki. Na chini ya mkandarasi yuko mkandarasi mdogo, chini yake yupo mwingine wa kuleta vibarua. Kanuni zenu zimeshuka ngazi moja zikakwama hapo. Mwaka 2014 OECD, jumuiya ya ushirikiano wa kiuchumi ya nchi tajiri, ilichambua kesi 427 za kuhonga maofisa wa nchi za nje: asilimia 15 zilikuwa za sekta ya ujenzi, na katika kesi tatu kati ya nne hongo ilipitia mkononi mwa mtu wa kati. Kanuni inayosainiwa na waajiriwa wa kudumu peke yao imemwacha nje anayebeba bahasha.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kwanza: kijitabu chenu kama kilivyo ni mapambo. Kanuni hufanya kazi pale tu zinapogeuka kuwa kizuizi kwenye njia ya fedha au ya zege, kiasi kwamba mtu hawezi kupita bila kuacha alama yake. Kwenye ujenzi njia hizo hazizidi tano au sita, na barua yako imezitaja tatu.

Anza na ya nondo. Kwa slabu ya meta za mraba 400, nondo za 12 zikiwa kila milimita 150 pande zote mbili, wavu mmoja unahitaji kama meta 5,330 za nondo, ukiacha sehemu ambazo ncha za nondo hupishana. Nondo ya 12 ina uzito wa kilo 0.888 kwa meta, ya 10 ina kilo 0.617. Tofauti inakaribia kilo 1,450. Kabla hujamfukuza fundi wa nondo, uliza kilo hizo zilikwenda mfukoni mwa nani. Kama nondo za 12 zilinunuliwa zikauzwa, huo ni wizi. Hati zenu zinasema hazikununuliwa kabisa, na hapo mtazamo unabadilika: mtu fulani ofisini aliagiza za 10, bei ikaonekana imeshuka, na huenda akapongezwa. Angalia kama meneja wa saiti hupewa bakshishi ya kumaliza chini ya bajeti au kabla ya tarehe. Kama ndiyo, kampuni ina kanuni mbili, moja ya kurasa 41 na nyingine ya mstari mmoja kwenye mkataba wake wa ajira, na hiyo ya mstari mmoja ndiyo inayolipa. Bakshishi isifutwe, ila ishikiliwe mpaka kipindi cha matazamio ya kasoro, baada ya jengo kukabidhiwa, kiishe, na ipotee yote pale kazi iliyofunikwa inapokutwa tofauti na mchoro.

Kizuizi chenyewe ni fomu ya ruhusa ya kumwaga zege, nusu ukurasa, haizidi hapo. Iandikwe namba ya mchoro na toleo lake. Kipenyo kilichopimwa kwa kalipa sehemu tano. Idadi ya nondo ndani ya meta moja, kila upande. Urefu wa kupishana. Kama biskuti za kuinulia nondo zipo na unene wake. Namba za hati za kupokelea nondo hizo. Na picha zinazoonyesha futi ikiwa imelazwa juu ya nondo pamoja na kibao chenye jina la slabu na tarehe. Sahihi ni tatu: mhandisi wa saiti, mwakilishi wa mteja, na mtu wa ubora anayelipwa na makao makuu. Halafu kiungo ambacho wengi husahau: zege lisiagizwe, wala saruji isitoke stoo, bila namba ya fomu hiyo. Bila kiungo hicho fomu zitajazwa Ijumaa jioni, wiki nzima kwa mkupuo, kwa kalamu moja.

Hata zikiwa na kiungo, zitachezewa. Mkaguzi ataitwa saa moja kabla gari la zege halijafika, ili akikataa aonekane ndiye aliyeharibu mzigo. Weka taarifa ya saa 24 kabla. Picha zitapigwa kwenye kona moja iliyopangwa vizuri. Mkaguzi ndiye achague sehemu za kupima, na achague akiwa juu ya slabu. Mtu wa ubora atabembelezwa, kisha ataitwa mchelewesha kazi mbele ya watu. Hapo ndipo mkurugenzi anahitajika: mara ya kwanza zege linapokataliwa na mkataaji akabaki na heshima yake, utakuwa umefanya semina bora kuliko zote mlizolipia.

Vipimo vya zege vina ujanja wake. Mchemraba wa sampuli wa milimita 150, unaopelekwa maabara kupimwa nguvu, ukiwa wa zege la kawaida una uzito wa karibu kilo 8.1. Mizani ya bei nafuu langoni mwa maabara itakuonyesha ule uliojazwa vibaya. Udanganyifu wa kawaida zaidi ni kuandaa mchanganyiko maalumu wa michemraba, wenye saruji nyingi, wakati slabu inapata mwingine. Gari au mchanganyo wa kuchukulia sampuli uchaguliwe kwa kura. Alama ya mchemraba iandikwe na mtu wa ubora, na maabara ilipwe na makao makuu au mteja, isilipwe na saiti. Ukiletewa majibu ya nguvu ya zege la umri wa siku 28, ya mwezi mzima, yanayosema 31.2, 31.3, 31.2, 31.3, usifurahi. Zege halisi hupanda na kushuka, hata la saiti nzuri. Namba zinazofanana hivyo zimetoka mezani.

Kama mnachanganya zege wenyewe, fanyeni ulinganisho wa saruji kila wiki. Mchanganyiko wa kilo 350 kwa meta ya ujazo ni mifuko saba ya kilo 50. Kumwaga meta 100 za ujazo ni mifuko 700, pamoja na upotevu mliokubaliana mapema kwa maandishi. Stoo ikisema imetoa 780, kuna mifuko iliyopita getini. Ikisema imetoa 640, usimpongeze mtunza stoo: zege lenu limekonda. Wakaguzi wengi hutafuta ziada tu, kwa sababu wanatafuta mwizi. Upungufu ndio hatari zaidi, na hauna mlalamikaji.

Suala la shemeji. Kuwa na shemeji fundi plasta si kosa, na kanuni inayopiga marufuku ndugu wote itavunjwa wiki ya kwanza, hasa pale ambapo mafundi hupatikana kwa kujuana. Kosa ni shemeji kuchagua, kupima na kuidhinisha malipo ya shemeji. Meneja aandike tamko la uhusiano kabla bei hazijaombwa, kisha ajitoe katika mambo yote matatu. Kampuni nyingi humtoa kwenye uchaguzi tu, halafu humwachia kupima meta za mraba za plasta, na huko ndiko fedha iliko. Mkadiriaji majenzi wa saiti nyingine apime upya angalau sehemu moja kati ya kumi, bila kutaja mapema ni ipi.

Bei tatu zenye kosa moja la tahajia ni karatasi tatu za mtu mmoja. Dalili nyingine za kutazama: bei zinazopishana kwa asilimia kamili, mathalani 3 na 6 kwenye kila kipengele; hesabu ya kujumlisha iliyokosewa mahali palepale; faili za kompyuta zenye mwandishi mmoja; aliyeshindwa kugeuka kuwa mkandarasi mdogo wa mshindi. Msijifanye kuwa ni tabia ya wadogo tu. Septemba 2009 mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilizitoza kampuni 103 za ujenzi faini ya jumla ya pauni milioni 129.5, kwa kuwekeana bei za kusindikizana, yaani bei za juu zisizokusudiwa kushinda, ili zabuni zionekane zina ushindani. Baadhi ya faini zilipunguzwa kwenye rufaa, lakini somo ni lile neno lililokuwa likisemwa sana: hiyo ni desturi ya sekta. Mtu anayepewa bei ya kusindikizia hahisi ameiba. Anahisi amemsaidia mwenzake. Kwa hiyo kanuni yenu isiseme "tutashindana kwa haki". Iseme: hakuna kuomba wala kutoa bei kwa mshindani kabla ya zabuni kufunguliwa, hata kama hatutaki kazi hiyo. Kama hamtaki, andikeni barua ya kujitoa.

Sasa "nauli". Hapa ndipo kanuni nyingi huvunjika, kwa sababu anayedai yuko nje ya kampuni na ameshika kalamu. Silaha iko kwenye mkataba, na wakandarasi wengi hawaitumii. Katika mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, mhandisi anayesimamia kwa niaba ya mteja ana siku 28 za kutoa hati ya malipo ya muda tangu apokee madai na viambatisho vyake, na mwajiri ana siku 56, tangu siku hiyohiyo, za kulipa. Akichelewa kuna riba ya ucheleweshaji, na baadaye haki ya kusimamisha kazi kwa notisi ya siku 21. Saa hiyo huanza kugonga siku madai yanapopokelewa, na ndiyo maana wadai nauli hupenda madai yenye kasoro: kiambatisho kimoja kikikosekana, saa haijaanza. Pelekeni madai yakiwa kamili, yakiwa na vipimo vilivyosainiwa pamoja kila wiki badala ya mwisho wa mwezi, na mpate muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Siku ya 14 andikeni barua fupi ya kukumbusha, nakala kwa bosi wake. Siku ya 28 andikeni nyingine. Nauli hupungua sana barua zinapokuwa na tarehe.

Kuhusu usafiri wa msimamizi, mara nyingi hitaji ni la kweli: ofisi yake haimpi gari. Litatueni kwenye zabuni. Gari na ofisi ya msimamizi vinaweza kuwekwa wazi kwenye gharama za awali za BOQ, orodha ya kazi na bei zake, vikalipwa na mteja mwenyewe. Baada ya hapo kinachoombwa pembeni hakina jina jingine. Watu wenu waende wawili wanapokutana na mwenye kusaini, na wapewe maneno ya kusema: "Sina fungu hilo, na kila ombi naliandika kwenye daftari." Daftari liwepo kweli. Na tazameni fedha ndogo za saiti, maana nauli hujificha huko kwa majina ya mafuta, vocha na matengenezo ya pikipiki.

Tuje kwenye simu yenu iliyonyamaza. Ripoti ya mwaka 2024 ya chama cha kimataifa cha wachunguzi wa ulaghai, ACFE, ilionyesha kwamba asilimia 43 ya kesi za ulaghai ziligunduliwa kwa taarifa za watu, na zaidi ya nusu ya watoa taarifa walikuwa wafanyakazi wenyewe. Slabu ya meta 400 hufungwa nondo na watu wengi kwa siku kadhaa. Wote waliona, hakuna aliyepiga. Kibarua anayeajiriwa kwa siku na msimamizi wake hawezi kumripoti msimamizi huyo asubuhi na kutarajia kazi jioni. Na nani hupokea simu? Kama ni ofisi yako ya utumishi, kwake wewe ndiye mwajiri. Ipokelewe na mtu wa nje, au mjumbe wa bodi asiyeendesha miradi. Mtoa taarifa apewe namba ya kufuatilia bila kutaja jina. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2019 kuhusu watoa taarifa inadai apate uthibitisho ndani ya siku 7 na majibu ndani ya miezi mitatu. Vipindi hivyo vinafaa popote. Msiahidi ulinzi mtakaoshindwa kuutoa: katika kashfa ya ujenzi ya Uholanzi iliyolipuka mwaka 2001, Ad Bos, aliyefichua vitabu vya siri vya kugawana zabuni, alisababisha uchunguzi wa bunge na faini kwa sekta, na yeye mwenyewe akaishia kuishi kwenye gari la kambi. Wafanyakazi hawahitaji kujua jina lake ili kuijua hesabu hiyo.

Adhabu nayo. Kama mtaanza na mtunza stoo, mmejimaliza: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Katika mambo uliyoyaandika, mwenye kujibu kwanza ni aliyeidhinisha oda ya nondo, kisha meneja wa saiti kwa shemeji yake. Wote wawili wasimamishwe kununua na kuidhinisha malipo wakati uchunguzi unaendelea, wasikilizwe, na uamuzi utangazwe kwenye saiti zote sita kwa sentensi mbili, bila kuwadhalilisha. Msiwahamishie saiti nyingine kimyakimya.

Kurasa 41 ni nyingi mno. Enron, kampuni kubwa ya nishati ya Marekani, ilikuwa na kanuni za kurasa 64 mwaka 2000, na ulipofika Desemba 2001 ilikuwa imefilisika. Kitabu kikubwa kibaki kwa wanasheria. Saitini peleka ukurasa mmoja kwa kila kazi: wa mnunuzi, wa mtunza stoo, wa mhandisi, wa mkadiriaji. Ukurasa wa mtunza stoo hauhitaji neno "uadilifu". Unahitaji: mzigo haupokelewi bila kuhesabiwa na watu wawili, nondo hupimwa kipenyo na kuhesabiwa vipande kabla gari halijaondoka, hati tupu haisainiwi, hata dereva akiwa na haraka. Vibarua wasomewe kwa sauti kwenye mkutano wa asubuhi kabla ya kazi, dakika kumi, swali moja kila wiki: umeona nondo zimepungua, zege linakuja saa nne, unamwambia nani? Semina ya nusu siku ya hotelini iacheni.

Wakandarasi wadogo wapewe kiambatisho cha mkataba chenye mambo matatu tu: haki yenu ya kukagua vitabu vyao vya mradi huo, wajibu wa kuwasomea watu wao ukurasa unaowahusu, na tarehe ya kulipwa. Hilo la tatu linaonekana halihusiani na maadili, lakini mkandarasi mdogo anayelipwa siku ya 90 atajilipa mwenyewe kwenye saruji. Kama nyie ndio mnaowachelewesha, msishangae.

Cheti cha ISO 37001 kina faida yake. Kiwango hicho kilitoka mwaka 2016 na kimefanyiwa marekebisho mwaka 2025. Kinawalazimisha kuchunguza mawakala na washirika, jambo ambalo hamfanyi. Lakini kinahusu rushwa tu. Hakigusi nondo nyembamba wala michemraba ya kughushi, na kupanga bei na washindani si eneo lake. Tena kinathibitisha kwamba mfumo upo, hakithibitishi kwamba watu ni waaminifu. Mkikitafuta kwa ajili ya alama za zabuni kabla ya kufunga njia za fedha, mtapata kijitabu cha pili. Kiahirisheni kwa mwaka mmoja.

Kupima: acha kuhesabu sahihi na mahudhurio. Kila mwezi, kwa kila saiti, pata namba hizi: fomu za zege zilizokataliwa kati ya zilizoombwa (saiti yenye sifuri kwa miezi sita ina mkaguzi asiyekagua); tofauti ya saruji na nondo kati ya hesabu na stoo, juu na chini; manunuzi yaliyofanywa kwa bei ya muuzaji mmoja tu bila kushindanisha, kati ya yote; nyongeza za kazi kama asilimia ya mkataba, na ni nani huziidhinisha; siku kati ya madai na hati ya malipo; maombi yaliyoandikwa kwenye daftari la nauli; taarifa za simu kwa kila watu 100, vibarua wakiwamo.

Mwambie mkurugenzi mapema, kabla hajaona jedwali, kwamba namba za kwanza zitakuwa mbaya kuliko za mwaka jana. Taarifa zikipanda kutoka 2 hadi 20, simu imeanza kuaminika. Kwenye hizo 20 atazame ngapi zimefungwa ndani ya miezi mitatu, na ngapi zimemgusa mtu mwenye cheo cha kusaini.